Cheti cha Majaribio

Gosbert nilimaliza naye chuo, nikasota naye mtaani. Mwaka 1998 alipata kibarua Mwanza, kwenye kampuni moja iliyotoka kubinafsishwa: aandike programu ya vyeti vya kompyuta, ili mashine za matawi zitambuane. Ndani ya cheti kila kitu ni namba. Inatangulia aina ya kipengele, inafuata idadi ya herufi, ndipo jina lenyewe. Ukikosea idadi moja, cheti kizima hakisomeki.

"Kisomeke leo, or forget the contract," bosi Antoni alimwambia. "Wenye digrii mmejaa Mabatini mnauza mitumba."

Akamkalisha stoo isiyo na dirisha, kwenye meza ya Mzee Masele wa teleksi, waliyempunguza kazi bila hata asante. Mzee mwenyewe alishazikwa Bujora tangu mwezi Machi.

Saa nane mchana Gosbert alijaza cheti cha majaribio. Mwenye cheti: Gosbert. Aliyethibitisha: Gosbert. Akabonyeza, umeme ukakatika. Stoo ikawa giza tupu. Feni ilizunguka kivivu, ikanyamaza. Halafu printa ikaanza kukwaruza, krr, krr, mstari baada ya mstari.

"Bosi, mmewasha jenereta?"

"Jenereta gani? Subiri umeme kama wenzako," Antoni alijibu toka nje.

Gosbert alichana karatasi, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akazifuata namba kwa penseli. Cheti kilisomeka chote, mkataba ulikuwa wake.

Mwenye cheti, herufi saba: Gosbert.

Aliyethibitisha, herufi sita: Masele.