Bizimu ya Mgongoni

Gamba-msuli, vazi la chuma la kubebea mizigo, liliinama, likapenyeza vidole vyake vya chuma chini ya kreti la injini ya roketi, likanyanyuka nalo kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Ndani yake alikuwamo mwanamke mwembamba, Sekela Mwandenga, mpakiaji wa Bandari-Anga ya Makambako. Kazi yake ilikuwa kutikisa mabega tu. Vihisi vilivyoshonewa kwenye bitana vilisoma msuli kabla haujakaza, kwa hiyo alipofikiria kunyanyua, chuma kilikuwa kimeshanyanyua.

Wageni waliokuja kutembelea bandari walipiga makofi. Hawakuambiwa kwamba kasi ya gamba ilipangwa ofisini, na ofisi siku zote ilikuwa na haraka. Roketi zikiwa nyingi, gamba lilikimbia kuliko nyonga ya binadamu inavyoweza, na mtu akilia humo ndani lilimaliza kwanza mzigo wake. Mzee Ambakisye, mpakiaji mwenzao, alitolewa humo akiwa hawezi hata kukaa. Ndipo chama cha wapakiaji kikadai kitu kimoja tu: kitufe cha kusimamisha gamba, kiwekwe kifuani, aliyelivaa akifikie. Shirika likakataa. Chama kikatangaza mgomo, na mwenyekiti wake alikuwa Sekela.

Basi akakiona cha moto. Inzi-jicho, vile vidude virukavyo vyenye kamera, vilimganda dirishani hata akioga. Mashine iliyoiga sauti yake iliwapigia simu wanachama, ikawaambia mwenyekiti ameshakula chake na mgomo umekufa. Ilibidi azunguke nyumba kwa nyumba akiapa kwamba si yeye. Mwishowe meneja, Mhandisi Lukosi, alimwita ofisini, akammiminia chai.

"Dada Sekela, wewe ni mtu wetu," alisema kwa upole. "Usitulazimishe tukusaidie kurudi kazini."

Sekela alidhani ni vitisho vya kawaida, akaiacha chai ikapoa.

Asubuhi ya mgomo ukungu ulikuwa mzito na baridi ya Makambako ilikuwa inakata masikio. Wapakiaji walikusanyika nje ya uzio, magamba yao yamesimama pembeni.

"Tuyabwage hapa hapa kwenye tope," alisema Subilaga, mpakiaji mwenzake. "Wakiyataka wayafuate."

"Hapana. Gamba halilazwi," Sekela akajibu. "Tukiyabwaga watatuita wahuni. Tunayarudisha vizuri, tunatoka, tunakaa nje. Mimi natangulia."

Hakuna aliyebisha, maana hiyo ndiyo desturi yao. Hata ukiugua, gamba unalitembeza mpaka kwenye nguzo yake uani, unalisimamisha, ndipo unatoka. Waliwahi kulaza moja tu, siku aliyekuwa ndani alipokufa. Walijivunia nidhamu hiyo, na ofisi iliijua kuliko walivyodhani.

Gamba halivaliwi na mtu peke yake. Bizimu yake, kifungo cha chuma chenye meno, iko mgongoni, katikati ya mabega, mkono wako mwenyewe haufiki. Kila mpakiaji ana mwenza wa kumfunga, na wa Sekela alikuwa Lusajo, mwanamume mpole waliyeanza naye kazi siku moja. Kwa safari fupi ya kurudisha gamba, mwenza hufunga jino la kwanza tu, ili mvaaji akifika ajitikise atoke. Kisha humpiga begani mara mbili, maana yake uko salama.

Sekela alisikia bizimu ikilia jino la kwanza, la pili, mpaka la mwisho. Begani hakupigwa.

"Lusajo, umelala?"

"Baridi hii, dada," Lusajo alijibu. "Nenda tu."

Akaenda. Alipofika mbele ya nguzo yake, gamba halikusimama. Liligeuka, likamvuta kuelekea kwenye mkanda wa kupakia. Kioo cha kofia kikawa cheusi kwa nje, na kinasa sauti mdomoni pake kikazimika. Kisha kipaza sauti cha kifuani kikaanza kusema, kwa sauti yake mwenyewe:

"Ndugu zangu, nimetafakari. Nimerudi kazini. Njooni tujenge bandari yetu."

Alipiga kelele mpaka koo likamuuma, na hakuna aliyemsikia. Nje ya uzio watu walitazamana. Mmoja akatema mate chini. Wengine wawili wakaanza kuingia kwenye magamba yao, taratibu, kama watu wenye aibu. Sekela aliwaona, na hasira iliyompanda ilikuwa kubwa kuliko hofu.

Wapakiaji wapya aliwaonya kila mara: usishindane na gamba, ukivuta huku lenyewe linaongeza nguvu kule. Gamba liliponyoosha mkono wa kulia kushika kreti, makusudi alivuta mkono wake nyuma kwa nguvu zote alizojaliwa. Chuma kikaongeza, naye akaongeza. Mfupa ukakatika.

Gamba lina mbavu za chuma tu pembeni, mikono ya mtu inaonekana. Wote waliuona mkono ukipinda mahali pasipo na kiungo. Na kipaza sauti hakikutetereka:

"Nawashukuru viongozi wetu kwa kutujali."

"Si yeye!" Subilaga alipiga ukelele. "Jamani, huyo si yeye anayesema!"

Waliuangusha uzio. Lusajo ndiye aliyefika wa kwanza, akarukia mgongo wa gamba huku linatembea, akafungua bizimu jino baada ya jino. Sekela akaanguka topeni.

"Walinionyesha watoto wangu njiani kwenda shule," Lusajo alisema akilia. "Kila siku, inzi-jicho juu yao. Waliniambia watakutembeza tu, dada. Kukutembeza tu."

"Usiniguse," Sekela alisema.

Siku hiyo magamba yote yalilazwa kifudifudi kwenye tope, na hakuna mpakiaji aliyeyanyanyua mpaka shirika likakubali. Lukosi alihamishwa. Kitufe kikaletwa, chekundu, kikawekwa kifuani, na wageni wakapiga makofi tena.

Asubuhi ya kurudi kazini Sekela alikijaribu kwa mkono wake uliounga vibaya. Kilifanya kazi vizuri kabisa. Kando yake wapakiaji walikuwa wakifungana wawili wawili, na kila mahali ilisikika mikono ikipiga mabega. Alikuwa ameingia ndani ya gamba lake, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa uani.

Lusajo alimsogelea, mikono ameiweka wazi mbele yake. "Geuka nikufunge, dada. Jino la kwanza tu."

Sekela alizidi kuubana mgongo. Subilaga naye akaja, akanyoosha mkono. "Basi nikufunge mimi, mwenyekiti."

Alimpenda Subilaga, na alitaka sana kugeuka. King'ora cha kazi kikalia, wenzake wakaondoka wakimtazama, naye alikuwa bado ameubana mgongo ukutani.