Mbwa Wangu Hakuwa Mgonjwa

Wasomaji wenzangu, mnisamehe kabla sijaanza. Mkono wangu ni mzito na herufi zangu hazikai sawa kwenye mstari. Shule niliiacha darasa la tano, upande wa Kongo, vita vilipotukuta. Mahali nilipokosea msicheke. Someni polepole, kama nami nilivyoandika polepole...

Nina miaka kumi na tisa. Ninakaa na mama yangu Bugarama, huku chini kwenye joto, pembeni ya mashamba ya mpunga. Mimi ni mtu wa haya. Mtu mkubwa akiniuliza jambo, jibu linanijia kesho yake, wakati yeye ameshasahau swali.

Sisi ni Wanyarwanda, lakini mimi nilizaliwa Kongo. Vita vya kwanza vilipoanza tulivuka mto tukaingia nchi ya wazee wetu, nchi ambayo sikuwahi kuiona. Baba hakuvuka. Alisema anafunga nyumba, atatufuata nyuma. Mpaka leo...

Tulivuka na kijana mmoja wa jirani, jina lake Faustini. Watu wake walikuwa wametawanyika, hakujua nani yuko hai. Mama alimchukua kama mtoto wa tumbo lake. Tulilala mkeka mmoja, tukala sahani moja. Nilipopatwa na malaria kali, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati, huku ananiimbia nyimbo za Kilingala ili nisifumbe macho. Nilimwita Yaya, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa. Ningemwitaje tena mtu wa namna hiyo?

Baadaye mama alipewa mbwa jike, bado mdogo, na jirani yetu Mzee Gaspari, anayefanya kazi ya saruji. Mzee Gaspari hauzi mbwa. Anakupa, na siku mbwa wako akizaa, unamrudishia mtoto mmoja. Wetu alikuwa na milia mgongoni, nikamwita Tigri, yaani chui mwenye milia.

Msifikiri alikuwa mbwa wa kuchezea. Nyakati zile watu walikuwa wanavuka kutoka ng'ambo, wanachukua mbuzi, wanachukua mpunga, wakati mwingine wanachukua mtu. Mama alikuwa hapati usingizi tangu tulipovuka. Tigri alipokua na kuanza kulala mlangoni, mama naye akaanza kulala. Nilimsikia akikoroma, nikacheka peke yangu gizani kwa furaha!

Kisha Tigri akabeba mimba. Tumbo likashuka, maziwa yakaanza kuvimba. Mzee Gaspari kila akipita alimwinamia na kumwuliza yupi atakuwa wake. Mama alikuwa ameshamtengea pembe moja ya jikoni, akaitandika majani makavu ya mpunga.

Laiti ingeishia hapo...

Mwezi ule ule mradi mmoja ulikuja kugawa ng'ombe na mbuzi kwa wajane. Wakasema watamchagua kijana mmoja wa kutunza afya ya mifugo yetu. Atapewa mafunzo, baiskeli, na kazi ya kudumu. Vijana wengi waliitaka. Faustini aliitaka kuliko wote. Alijitangaza kwamba yeye ni veterineri tayari, daktari wa wanyama. Kweli, kule Kongo aliwahi kumbebea mkoba mganga wa ng'ombe kwenye shamba kubwa, na huko alijifunza kuchoma sindano.

Na hapa ndipo penye kosa letu, sisi tuliokulia Kongo. Kwetu dawa ni sindano! Vidonge ni vya kumpoza mgonjwa wakati anasubiri sindano. Mtu akitoka hospitali bila kuchomwa, watu wanamwuliza kama kweli alimkuta munganga. Kwa hiyo mtu akiwa na sindano mkononi, hatumwulizi amesomea wapi. Tunamwonyesha tu mahali pa kuchoma.

Asubuhi moja Tigri alitapika kidogo. Akalala kivulini, bugali wa jana hakuugusa. Siku ile joto lilikuwa kali, hata kuku walikuwa wamefungua midomo. Jioni angekula, sasa najua hivyo. Lakini Faustini alimpapasa tumbo kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Akasema ana uchafu katika tumbo la uzazi, inafaa asafishwe kwa sindano upesi, la sivyo utamfikia moyoni.

Mama aliuliza kama mbwa mwenye mimba anachomwa. Faustini akamjibu kwa upole kwamba kule shambani walichoma ng'ombe wenye mimba kila wiki. Mama akatulia. Mimi nilimshika Tigri, na Faustini akamchoma pajani dawa ya ng'ombe.

Haukupita muda Tigri akaanza kutetemeka. Alizunguka zunguka, akalala, akaamka, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kesho yake hakuweza kusimama. Je, ni nani kati yetu angesema sindano ndiyo iliyomwangusha? Sisi tuliona kwamba Yaya alisema kweli, ugonjwa ulikuwepo, ndio huo umejitokeza!

Faustini akarudi, akaweka sikio tumboni kwake. Akaniita pembeni.

“Leki,” akaniambia, maana yake mdogo wangu, “batoto bamekufa mu tumbo. Banaoza. Tusipowatosha, na mama yao anaenda.”

Nikamwuliza atawatoa vipi. Akasema atampasua, kazi hiyo ameiona mara nyingi. Lakini si leo. Kesho kutwa, kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, kwa sababu pale kuna sakafu safi na maji.

Mbona kesho kutwa, kama wanaoza leo? Swali hilo lilinijia, nakwambieni kweli. Lilinijia usiku ule ule. Lakini nitamwulizaje mtu aliyenibeba mgongoni?

Tulipofika uwanjani nilikuta watu wamejaa. Wanawake wa mpunga, vijana wa kinu, na mbele kabisa wageni wa mradi wamekalishwa kwenye viti. Siku ile ndiyo waliyokuja kumchagua mtu wao... Faustini alikuwa amevaa blauzi nyeupe, lile koti la madaktari, sijui aliiazima wapi. Aliwasalimia wageni kwa Kifaransa. Mimi hakuniangalia, alinionyesha tu kwa kidole mahali pa kushika.

Nilikishika kichwa cha Tigri mapajani mwangu. Alichomwa dawa ya usingizi, lakini usingizi haukumshika vizuri. Wakati wote aliniangalia mimi. Hakuning'ata! Angeweza kuning'ata, mkono wangu ulikuwa mbele ya meno yake. Alinilamba.

Sitaandika yote niliyoyaona.

Nitaandika hili tu. Faustini alipomtoa mtoto wa kwanza na kumweka kwenye gunia, yule mtoto alitikisika. Akafungua mdomo. Wa pili naye vile vile. Wote walikuwa hai! Hawakuoza, hawakunuka, walikuwa wekundu, bado hawajaota manyoya vizuri, kwa sababu siku zao zilikuwa hazijafika.

Watu wakapiga makofi. Faustini akamwinua mmoja juu, akawaambia wageni kwamba amewaokoa watoto na mama yao. Amewaokoa! Juzi walikuwa wamekufa, leo amewaokoa... Nilimtazama mama. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa kitenge. Naye alikuwa ameelewa.

Wageni walimpa mkono. Kazi akaipata pale pale.

Watoto hawakuweza kunyonya. Mama aliwaweka kwenye kikapu karibu na moto, akawadondoshea maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Walikwisha mmoja mmoja kabla jua halijazama kesho yake. Mzee Gaspari alikuja kumchukua wake, akakuta tunachimba. Alichukua jembe mkononi mwangu akamalizia yeye.

Tigri aliishi siku chache zaidi. Kidonda kilivimba, kikaanza kutoa maji. Nilikwenda kwa Faustini kumwomba aje. Nilimkuta anapima mabuti mapya, akasema kesho. Nikarudi tena, akatuma mtu aseme hayupo, wakati miguu yake naiona chini ya pazia. Tigri aliponisikia narudi alijaribu kutikisa mkia. Alijikokota mpaka mlangoni, mahali pake pa siku zote, akalala pale. Ndipo tulipomkuta asubuhi.

Mama hakulia. Alisema tu kwamba sasa atarudi kukesha.

Nilimsubiri Faustini njiani, karibu na mfereji wa mpunga. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa siku nyingi, lakini alipofika yote yakanikimbia. Nikamwuliza jambo moja tu, kama alijua.

Alisimamisha baiskeli. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

“Ile imbwa haikukuwa na kitu,” akasema. “Lakini ningekamata imbwa ya nani, leki? Bengine bangeniuliza maulizo mingi. Weye huwezi kunikatalia.”

Kisha akanipiga begani, kama zamani, akaenda zake.

Mmesikia, wasomaji? Hakunichagua kwa sababu ananichukia. Alinichagua kwa sababu nampenda! Katika Bugarama nzima alitafuta mlango usio na komeo, akakuta ni mimi. Mimi niliyekula naye sahani moja... Adui wa kutoka ng'ambo angekuja usiku, Tigri angebweka. Huyu alikuja mchana, na Tigri alimtikisia mkia.

Baada ya miezi michache nilikuwa nabeba gunia la mpunga kupeleka kinuni. Nikakuta watu wamemzunguka Faustini na mbwa wao. Alikuwa anatangaza kwamba kila mbwa mwenye mimba asafishwe tumbo kwa sindano kabla ya kuzaa. Aliyekuwa mbele ni Mzee Gaspari, amemfunga kamba mbwa wake jike, mama yake Tigri, tumbo limeshuka karibu na ardhi.

Nilitua gunia. Sijui nani alinisukuma. Nikamwuliza Mzee kama mbwa wake anakula.

“Anakula kunishinda miye,” akasema, watu wakacheka.

Nikamwuliza kama anatembea.

“Si yeye ndiye amenikokota mpaka hapa? Miye ndiye nimechoka.”

“Basi yuko muzima, Mzee,” nikasema. “Murudi naye nyumbani. Tigri pia alikuwa muzima. Yaya mwenyewe aliniambia.”

Faustini akacheka, akaniuliza tangu lini mimi ni veterineri. Jibu halikunijia, hata kesho yake halikunijia. Lakini Mzee Gaspari alimtazama Faustini, akanitazama mimi, akaizungusha kamba mkononi mwake mara moja, akaondoka na mbwa wake. Mwanamke mmoja akamfuata. Wengine walibaki. Waliobaki walikuwa wengi...

Mbwa wa Mzee alizaa mwenyewe, nyuma ya nyumba, bila kuguswa na mtu. Wote wazima.

Ndugu zangu, mbwa wenu akiwa na mimba, mwacheni. Mbwa mwenye mimba huchoka, hulala, huacha kula siku moja, akarudia kesho. Huo si ugonjwa. Mpeni maji, mpeni kivuli, na mtu asimchome dawa ya kumharakisha kuzaa, wala asimpasue, kama hakuna sababu anayoweza kukueleza ukaielewa. Mwulize ni dawa gani. Mwulize itawafanya nini watoto. Akikasirika, mtafute mwingine, hata kama ni mbali, hata kama ni wa mjini Kamembe. Na kama huyo mwenye sindano ni mtu wenu wa nyumbani, mwulizeni mara mbili! Msifanye kama mimi, msinyamaze kwa ajili ya mapenzi.

Faustini bado anakuja kwetu. Anakaa kwenye kiti kile kile, anamwita mama Maman, na mama anampa chakula kwa sababu hana mtoto mwingine aliyevuka naye ila sisi wawili. Jana alisema atakuja kumwangalia mbuzi wetu wa mradi. Ana mimba.

Niandikieni, tafadhali. Kama kuna mmoja wenu aliyewahi kumkatalia mtu anayempenda, mlangoni, uso kwa uso, aniambie alianza na neno gani. Andikeni upesi, kwa sababu mimi nasoma polepole, na yeye amesema anakuja Jumamosi.