Nitapaki

"Phanice?"

Sauti ile aliijua hata katikati ya kelele za benki siku wakulima wanapokuja kuchukua pesa za majani chai. Aligeuka taratibu, makusudi, gauni la manjano limkae vizuri kiunoni. Mwanamume akikukosa, na akukose umependeza.

"Unafanya nini hapa?" akamuuliza mumewe.

"Kile kimekuleta wewe. Nyumba."

Kipkemoi alivaa lile koti la kahawia alilochaguliwa na Phanice, kola chafu. Phanice aliiona, moyo ukamuuma, akaukemea. Mawakili walikuwa karibu kumaliza talaka yao. Ilibaki nyumba yao hapo Kericho mjini, iliyonunuliwa kwa mkopo wa majina mawili.

Joan, afisa wa mikopo, aliwaketisha pamoja. "Bwana anaomba mkopo mpya kwa jina lake pekee, tulipe ule wa zamani. Atalipa miaka mingi zaidi, na mama apewe haki yake atoke. Lakini lazima mama akubali."

Phanice akashika kalamu. Asipotia sahihi, ataendelea kulipia nyumba asiyolala. Akitia, hana mlango wa kurudi tena.

"Weka sahihi tu," Kipkemoi alisema, macho dirishani. "Si ndiyo unataka?"

"Mimi? Nani alimwacha mwenzake?"

"Nani alihamia kwa kaka yake kule Kiptere, hata kuaga hakuaga?"

Yote yalianza kwa simu. Kipkemoi alikuwa amepewa uhamisho, kazi kubwa Kaplong, nyumba ya bure. Phanice akampigia akilia: "Chagua, Kaplong ama mimi." Mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati, akasikia neno moja, "Nitapaki," kisha mtandao ukapotea. Basi akafungasha yeye kwanza, asije akaachwa. Baadaye aliposikia mume hakuhama Kericho, akaapa kwamba Kaplong ilikuwa njama ya kumtoa nyumbani. Kiburi nacho hakipigi simu.

"Bwana," Joan akakatiza, "ukipata huu mkopo, utakaa hapo ama utapangisha?"

"Nitapaki."

"Upaki uende wapi? Hatukopeshi mtu anahama."

"Siendi mahali! Nasema nitapaki. Hapo hapo. Kwa nyumba yangu!"

Kalamu ikamwanguka Phanice.

"Kipkemoi. Ile siku ya mvua, ulisema nini?"

"Nitapaki! Nikakataa Kaplong. Nikanunua nyama nikuje tufurahie, nikapata nguo zako zote hazipo."

"Uui! Kumbe utabaki! Mimi nilisikia unapack nguo!"

"Si wewe ndiye ulikuwa unacheka hiyo 'b' yangu ya Kikalenjin, ikitoka 'p' kila siku?"

"Hiyo siku sikuwa na kicheko, mpenzi."

Mpenzi. Lilimtoka lenyewe. Kipkemoi akainamisha kichwa, machozi yakimlengalenga mbele ya watu, mtu mzima. Phanice alimhurumia, akampenda, akataka pia kumpiga kofi.

Joan akakohoa. Foleni nyuma yao ilikuwa imesogea yote, ikisikiliza bila aibu. "Sasa mama, niandike nini? Unatoka kwa hii nyumba ama?"

Phanice akaisukuma fomu kando. Akanyoosha mkono, akaikunja vizuri ile kola chafu.

"Nitapaki," alisema.

"Kupaki gani sasa?"

"Ya Kipkemoi."