Saa ya Seremala

"Hivi jirani, mumeo hupasua mbao hata usiku?" muuguzi wa nyumba ya pili aliwahi kuuliza.

Mke wa seremala alicheka. Mumewe alikoroma, ndiyo. Lakini kilichomtisha ni ule ukimya wa katikati, pumzi inapokatika. Hapo humtikisa mpaka avute hewa. Mchana mume husinzia kazini, na siku moja nusura msumeno wa umeme umle vidole.

Muuguzi aliwahimiza waende hospitali. Seremala akapimwa usingizi, akapewa mashine ya kusukuma hewa, yenye barakoa ya puani.

Wiki haijaisha, akaitazama saa ya mkononi aliyonunuliwa na binti yao, ile inayopima usingizi.

"Mama watoto, mashine hii nairudisha."

"Kisa?"

"Saa inasema nalala vibaya kuliko zamani. Naamka ovyo kama kuku mwenye vifaranga."

 Mke alivikumbuka vile vidole vilivyonusurika. Akamwita muuguzi.

"Shemeji," muuguzi alisema, "saa haioni usingizi. Inakisia tu kwa mapigo ya moyo na mkono unavyotikisika. Zamani pumzi ilikatika, mkono umetulia, nayo ikadhani umelala vizuri. Sasa unazoea barakoa, unajigeuzageuza, inadhani umeamka. Mchana unajionaje?"

Seremala akakuna kichwa. "Jana sikusinzia."

"Basi usiache mashine kwa maneno ya saa. Barakoa ikibana au ikivujisha hewa, rudi kliniki wairekebishe. Lakini wewe mwenyewe unasema unaamka ovyo. Nani anakuamsha?"

Mke akainama. "Nikisikia kimya, nadhani pumzi imekatika. Namtikisa."

"Kumbe mwizi wa usingizi nalala naye," seremala akasema.

"Miaka yote nimekuwa saa yako, baba."

Muuguzi akamshika bega. "Dada, kimya cha sasa ni cha heri. Tazama kifua kikipanda na kushuka, kisha lala."

Tangu hapo mke alisali, akatazama kifua, akaficha mikono chini ya mto. Siku zilivyosonga, saa nayo ikatulia. Seremala akapasua mbao mchana tu, bila kusinzia.

Asubuhi moja alimkuta mkewe bado amelala fofofo. Akasubiri mpaka mkewe alipoamka.

"Mimi barakoa inanitosha," alisema. "Saa sasa ipime usingizi wako." Akaivua saa, akamfunga mkewe mkononi taratibu. Kisha akachukua rula yake, akatoka kwenda kazini.