Mfululizo Ukifunguliwa

Harufu ilianza Jumanne, saa nane mchana: maziwa yaliyoungua. Bi Irmtraud Sauter aliinusa mara tu alipoketi mbele ya sanduku la umeme, akageuka kutafuta jiko. Jiko halikuwapo. Maabara ile ya mji wa Lörrach ilikuwa ghala la zamani la duka la dawa, chini ya ardhi, na Daktari Volkmar Thiessen alikuwa ameikodi kwa miaka saba ili athibitishe jambo moja tu, kwamba nia ya mtu yaweza kuisukuma bahati.

Kila sekunde sanduku lilirusha sarafu isiyoonekana mara mia mbili, moja au sifuri, kisha likahesabu moja zilizotoka. Mia, tisini na nane, mia na tatu. Bi Sauter, mshonaji mstaafu, kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kochi na kutaka namba zipande au zishuke. Thiessen alitia sahihi ukurasa wa kitabu cha kumbukumbu ukiwa mtupu, asije akaijua nia, akaenda chumba cha pili kuzitazama namba. Ndipo mama yule akaandika kwa wino: juu, chini, au asitake kitu. Na mfululizo wa majaribio ukishafunguliwa haukatishwi mpaka awamu zote ziishe, watu wasije wakasema Daktari amechagua mazuri akazika mabaya.

Sheria ya watu waaminifu, sikatai. Lakini miaka saba watu wanaomba "shuka, shuka" bila kumtaja wanayemwomba! Ukiita bila jina, huitika aliye karibu.

Jumanne ile aliandika chini. Namba zikashuka: tisini, themanini na nane, themanini na tatu. Thiessen aliingia mbio.

"Umefanya nini, Bi Sauter?"

"Nimelibembeleza tu, kama mtoto aliyekataa kulala. Daktari… limepumua."

"Mashine haipumui, mama. Labda ni mafua yako."

Nyumbani alimkuta mumewe, Ewald, ameketi sakafuni jikoni, midomo imegeuka rangi. Ewald alikuwa na kidude kilichoshonewa kifuani cha kuushtua moyo upige.

"Traudel, mke wangu, kilizima," alinong'ona. "Saa nane na robo. Kikalala, kikaamka."

Hospitali walikipima, wakasema ni kizima kabisa. Jumatano aliandika juu, na moyo wa Ewald ukaenda mbio hata vifungo vya shati vikatikisika. Alhamisi hakutaka kitu, na mzee akala sahani mbili za dengu na tambi. Mshonaji anajua kupima. Ijumaa alimpelekea Thiessen karatasi yenye saa za maumivu ya mumewe.

Thiessen akailinganisha na namba zake. Dakika kwa dakika, zilikubaliana. Alipauka; kisha, Mungu amsamehe maana mimi siwezi, uso wake ukachangamka kwa furaha.

"Mimi basi," alisema Bi Sauter. "Sirudi tena."

"Imebaki awamu moja. Zile za juu zimetimia; hii lazima iwe ya chini."

"Mume wangu atakufa!"

"Ukiacha katikati, hilo lililoingia litabaki na mlango wazi. Lipe awamu yake, halafu nalivunja kwa nyundo mbele ya macho yako. Ewald alale hospitali. Wakiona lolote watapiga simu hapa, nasi tutazima papo hapo. Naapa."

Akamwamini. Maisha yake yote hakuwahi kuacha pindo bila kulimaliza.

Jumatatu aliandika chini, akakaza macho kwenye simu iliyokuwa mezani, na sanduku likaanza, themanini, sabini, hamsini, na harufu ya maziwa ikajaa chumba mpaka machozi yakamtoka, akaacha kutaka kushuka, akapaza sauti "Panda! Panda, nakuomba!" lakini wino ulikuwa umekwisha kukauka na yule aliyekuwa ndani aliufuata wino, thelathini, kumi na moja, nne, huku akipumua polepole kama mtu anayeonja supu, na simu kimya, simu kimya, mpaka namba ikawa sifuri.

Ndipo alipoona waya wa simu. Ulikuwa umechomolewa ukutani, umekunjwa vizuri, ukafungwa kwa uzi.

Baada ya maziko ya Ewald alirudi, amevaa nyeusi. Sanduku lilikuwa pale pale, zima. Nani avunje sanduku lililotoa sifuri? Thiessen alimpa pole, akamkaribisha kahawa.

"Nataka kufungua mfululizo mpya, Daktari. Awamu thelathini. Nyumbani hakuna anayeningoja."

Macho ya Thiessen yaling'aa. Akatia sahihi ukurasa mtupu, kama ilivyo desturi, akaenda chumba cha pili. Bi Sauter akaandika taratibu, kwa mwandiko wake mzuri, akapuliza wino ukauke.

Awamu ya kwanza haikufika katikati. Thiessen alitokea mlangoni, mkono kifuani, anahema kama aliyepanda mlima. Akakisogelea kitabu, akasoma: *Chini. Moyo wa Volkmar Thiessen.* Akanyoosha mkono kwenye swichi, akaibonya, akaibonya tena. Sanduku liliendelea kuhesabu.

"Bi Sauter," alinong'ona. "Andika juu. Tafadhali, mama. Chana huo ukurasa."

Bi Sauter alimimina kahawa, akaongeza maziwa.

"Haukatishwi, Daktari. Kaa kwenye kochi. Hii ni ya kwanza tu."