Blauzi Iliyofumuliwa Mara Mbili

Kila Jumamosi Pini ndiye aliyefungua kibanda cha mama yake, fundi wa nguo. Alifagia vipande vya vitambaa na kuitia cherehani mafuta. Jina la Pini walimbandika majirani, maana tangu utotoni ndiye aliyemshikia mama pini. Jumamosi hiyo mama alikuja nyuma akijikokota. Sare za shule zilikuwa zimerundikana hadi dirishani, na usingizi ulikuwa umempitia mbali wiki nzima.

"Nipe soda yangu," alisema, akajibwaga kitini. Kutwa kukaa, soda na vya kukaanga, ndiyo yalikuwa maisha yake. Ukimwambia apumzike, anakuuliza sare zitajishona zenyewe?

Badala ya kushika sare, mama alichukua blauzi yake mwenyewe akaanza kuifumua ubavu wa kushoto.

"Mama, si uliitanua juzijuzi tu?"

"Kitambaa kimerudi kilipofuliwa."

"Kimerudi upande mmoja?"

Mama aliendelea kufumua. Ndivyo walivyo mafundi: nguo ikimbana mteja, hawamwambii neno, wanaifumua nguo. Sasa alikuwa amejifanyia mwenyewe.

Pini alichukua futi ya kupimia. "Simama nikupime."

Mama alisimama kwa uvivu. Futi ilipofika karibu na kwapa la kushoto, alimshika binti yake mkono.

"Hapo pana uvimbe kwenye ziwa," alisema taratibu. "Hauumi, kwa hiyo nikauacha."

"Tangu lini?"

"Tangu sare za muhula uliopita."

Pini aliiweka futi chini. "Twende kituo cha afya leo."

"Na hizi sare? Wazazi watanila mzima."

"Mteja akikuletea nguo iliyoachia mshono kidogo, unamwambia arudi ikichanika yote?"

Mama alitaka kucheka, kicheko kikakwama. "Mwanangu, naogopa. Nikiambiwa ni ile saratani, je?"

"Hata mimi naogopa," alisema Pini. "Tutaogopa tukiwa njiani."

Walifunga kibanda. Muuguzi alimpima mama kwa mikono, akamwandikia kwenda hospitali kubwa. Huko walimpiga picha ya matiti, wakachukua kinyama kidogo cha uvimbe kukichunguza. Siku za kungoja majibu zilikuwa nzito. Mama alishona na kufumua kilekile, na Pini hakumcheka.

Ilikuwa saratani, ila ilikuwa changa na haijasambaa. Uvimbe ulitolewa, yakafuata matibabu marefu yaliyomwacha mama hoi na kichwa bila nywele. Jioni nyingi Pini alimlisha uji kijiko kwa kijiko, naye mwenyewe akisinzia. Walichoka, jamani. Lakini mwisho ulifika siku daktari aliposema saratani haionekani tena, ila aendelee kurudi kupimwa.

Siku hiyo muuguzi aliwakalisha wote wawili. "Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini huwezi kujua kwa kukisia. Uujue mwili wako. Ukiona uvimbe, ngozi imebonyea au chuchu inatoa maji yasiyo ya kawaida, njoo mara moja, hata kama hapaumi. Ukifika umri atakaokuambia daktari, njoo upigwe picha ya matiti hata kama huoni kitu. Tembea, punguza sukari na mafuta, acha pombe. Hayo hayazuii kila saratani, ila yanapunguza hatari."

Mama alirudi kibandani. Ile blauzi aliitupa kwenye vitambaa vya kufutia cherehani, akakata mpya inayomtosha. Soda nayo ikageuka chupa ya maji. Na kila mwanamke aliyekuja kupimwa nguo aliulizwa kwanza kama ameshapimwa matiti. Wengine walinuna. Wengine walikwenda.

"Pini," mama alisema jioni moja, akifunika cherehani, "nilikuwa natanua nguo ili nisiuone mwili wangu. Wewe usije ukafanya hivyo. Kitu kikibadilika, sema siku hiyohiyo, hata kama unaogopa."

"Ndiyo, mama."

"Haya, vaa viatu tukatembee. Na usikimbie, mwenzio bado nachoka."

Pini alimshika mkono, wakaenda mwendo wa mama.