Kabati Lililolindwa Mbele

Mama Mkaa, jirani wa Deki na mjomba wake, mlango wa pili, anadai aliona kwa macho yake mawili. Jumamosi, saa kumi na moja jioni, anasema, mlinzi alirudi nyumbani amekumbatia kitu kirefu kilichoviringwa, anatembea upande upande kama kaa, kila hatua tatu anageuka nyuma. Alipofika mlangoni eti akakohoa mara mbili, na gari jeusi lisilo na namba likapita polepole. "Ramani hiyo," anasema Mama Mkaa. "Ramani ya serikali. Kama si ramani, haya, niambieni ni nini."

Ilikuwa nailoni ya kuziba paa. Mpaka leo iko juu ya paa, na mtu yeyote mwenye shingo angeinua kichwa akaiona. Lakini kufikia Jumatatu asubuhi maneno ya Mama Mkaa yalikuwa yameshatangulia ofisini, na Deki alikuwa ameshachoka kuyajibu kabla hajajaza ndoo ya kwanza.

Deki ni jina la kazini, kwa kuwa kazi yake ni kupiga deki. Mlinzi ni mjomba wake. Ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, na ndiye aliyemwombea kazi katika kampuni ile ya wachoraji ramani. Mwaka huo kampuni ilikuwa imekabidhiwa na wizara ramani za bwawa kubwa, zizidishwe ukubwa na kuchorwa upya. Karatasi tano, zote zimegongwa muhuri mwekundu: SIRI. Mpaka serikali itakapotangaza yenyewe, mtu wa nje asijue maji yatafika wapi.

Pamoja na ramani yalikuja masharti, kurasa kumi na mbili. Kabati liwe la chuma. Liwe na kufuli mbili na funguo mbili, mmoja ukae na karani wa masijala, mwingine na mlinzi. Kila jioni mlango wake ubandikwe lakiri nyekundu na karani agonge muhuri wake juu. Kila mchoraji aonyeshwe kipande chake tu, asione cha mwenzake. Kila mtu aape na kutia sahihi, hata mfagiaji. Deki alitia sahihi akiwa ameshika fagio.

Chumba chenyewe hakikuwa na kufuli. Masharti yalisema kabati, hayakusema chumba.

Jumatatu hiyo, saa moja na nusu, karani wa masijala, ambaye wote humwita Mama Lakiri, alikagua lakiri. Nzima. Kufuli, nzima. Akafungua pamoja na mlinzi, akahesabu kwa kidole. Moja, mbili, nne, tano. Akahesabu tena. Ya tatu haikuwapo. Ijumaa saa kumi jioni zilikuwa tano.

Saa mbili na nusu alifika Mkaguzi kutoka wizarani, mtu mwenye mkoba mnene wa fomu na uso wa mtu aliyeamshwa bure. Akakaa katika chumba hicho hicho, akaomba chai, akaanza na Mama Lakiri.

"Muhuri wako ulikuwa wapi tangu Ijumaa?"

"Shingoni mwangu, baba. Hata kuoga naoga nao."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Binti yangu amejifungua mapacha. Waulize wauguzi, walinifukuza mara nne kwa kelele."

Akaitwa Mkurugenzi. Alikuja ofisini Jumamosi saa nne asubuhi, daftari la getini lilionyesha, akaondoka saa nne na dakika kumi.

"Ulifuata nini?"

"Miwani."

"Miwani tu?"

"Bwana Mkaguzi, ramani yote naijua kwa kichwa. Niibe ninachokijua?"

Akaitwa mchoraji mkuu. Daftari lilisema aliingia Jumamosi saa nane mchana, akatoka saa kumi kasorobo. Ni mtu mwembamba, mkimya, mstari wake umenyooka kiasi kwamba wamempa jina la Fundi Rula. Meza yake haigusi mtu. Hata karatasi nyeupe inayofunika ubao wake wa kuchorea huibadilisha mwenyewe kila Jumatatu alfajiri, kabla wenzake hawajaingia.

"Nilikuwa namalizia ukuta wa bwawa," alisema. "Nakala yangu ya karatasi ya pili. Nilikuwa nimeshaichora, ninaandika herufi tu."

"Ya tatu umewahi kuiona?"

"Hairuhusiwi."

"Mlinzi alikupekua ulipotoka?"

"Mpaka soksi."

Mkaguzi akaandika, akapiga mwayo, akaupiga mkoba wake kwa kiganja. Hesabu ilikuwa imemkalia vizuri. Mlinzi ndiye mwenye ufunguo mmoja. Mlinzi ndiye aliyeshinda zamu peke yake Jumamosi. Mlinzi hupekua watu, nani humpekua mlinzi? Ufunguo wa pili huchongwa, lakiri hupashwa moto ikabanduka. Na jirani amemwona na kitu kilichoviringwa.

"Nailoni ile, mzee," alisema Mjomba kwa mara ya sita. "Paa langu linavuja."

"Kila mwizi ana paa linalovuja. Gari litakuja kukuchukua saa sita."

Na katika kuinuka, akakipiga kikombe kwa kiwiko. Chai ikatambaa sakafuni mpaka chini ya kabati.

"Wewe binti! Futa hapa."

Deki aliingia na ndoo. Ilikuwa saa tatu na robo. Ndoo ilikuwa ya maji matupu, kwa sababu sabuni alikuwa bado hajaichukua stoo. Akalikunja tambara, akalipitisha mbele ya kabati, na povu likapanda.

Alisimama akalitazama. Akalikamua tambara, akafuta tena. Povu jeupe, jingi, kama anafua.

"Mzee," alisema, "hapa pana sabuni."

"Wewe ni mfagiaji. Ulitaka pawe na nini?"

"Sijaweka sabuni, mzee. Na miguu ya kabati—"

"Binti, fomu ya mashahidi ina nafasi ya mlinzi, karani, mchoraji na mkurugenzi. Haina nafasi ya mfagiaji. Futa utoke."

Alitoka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye ujia, akahesabu hadi kumi kama alivyofundishwa shuleni, halafu akahesabu tena maana mara ya kwanza haikusaidia. Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia magotini.

"Mpwa wangu, usijitie kwenye mdomo wa mamba," alisema. "Wakikufukuza na wewe, nani ataleta unga?"

"Mjomba, siku kabati lilipoletwa, ulikuwapo?"

"Nilikuwa getini. Lilikuja vipande vipande. Mlango ulikuwa mwembamba."

"Nani aliliunganisha?"

"Si nakumbuka mtafaruku wake? Fundi wa chuma alikuja na vifaa vyake, akarudishwa. Hajaapa, haingii. Wakaliunganisha wenyewe."

Deki alikuwapo. Ndiye aliyezoa makasha na majani ya kufungia. Alikumbuka bisibisi ilikuwa mkononi mwa nani.

Alikwenda stoo. Mche wa sabuni aliouacha mzima Ijumaa ulikuwa umebaki nusu, na nusu hiyo imeisha kwa kusuguliwa, haikukatwa. Akarudi ukumbi wa wachoraji, akasimama mlangoni na fagio, akautazama kwa kituo. Mapipa ya taka aliyamwaga saa moja asubuhi. La Fundi Rula lilikuwa na maganda ya penseli tu.

Saa tano na nusu aliingia tena chumbani bila kubisha. Alikuta wote wanne wamesimama, Mkaguzi akiwasomea taarifa ili watie sahihi.

"Nani amekuita?"

"Hakuna," alisema Deki. Akatua ndoo. "Mzee, nimekuomba kwa adabu mara ya kwanza. Sasa naomba mara ya pili, na gari halijafika. Niulize kitu kimoja."

"Nikuulize nini?"

"Niulize kabati hili lina pande ngapi."

Mama Lakiri aliguna. Mkurugenzi akavua miwani.

"Kila Ijumaa nasugua sakafu hii kwa nta," alisema Deki. "Chini ya miguu ya kabati nta haifiki. Tazama. Alama nne za mraba, na miguu haiko juu ya alama. Imesogea vidole vinne. Kabati hili mtu mmoja halisukumi, ila akipaka sabuni chini. Sabuni yangu."

"Alisukume ili iweje? Mlango uko mbele."

"Ndiyo, mzee. Mbele kuna kufuli mbili, lakiri, muhuri na kurasa kumi na mbili. Nyuma je?"

Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyeshika pembe moja ya kabati, Mjomba nyingine. Liliteleza kama limepakwa mafuta. Mgongoni kulikuwa na bati moja pana lililoshikwa na skrubu kumi, vichwa vyote nje, na rangi imechubuka kwenye kila kimoja.

Mkaguzi alikaa chini. Alionekana kama mtu aliyefunga mlango wa mbele kwa minyororo akakumbuka kwamba wa uani ameegesha kwa kijiti.

"Fundi gani mjinga ameweka skrubu nje?"

"Hakuwa fundi wa chuma," alisema Deki. "Mlimrudisha fundi kwa kuwa hajaapa. Akaliunganisha mtu wenu aliyeapa, na mkalisukuma ukutani, hakuna aliyetazama tena. Siku hiyo Mkurugenzi alitoka kabla halijaunganishwa. Mama Lakiri hakuwahi kuliona nyuma. Aliyekuwa na bisibisi ni mmoja." Akamgeukia. "Fundi Rula, leo hukubadilisha karatasi ya kufunika ubao. Kila Jumatatu naikuta kubwa, imekunjwa, pipani kwako. Leo hamna. Tuje tukubadilishie?"

Fundi Rula hakukana. Alitembea mwenyewe mpaka mezani kwake, nao wakamfuata, akang'oa pini nne moja moja kwa kucha. Chini ya karatasi nyeupe ilikuwapo karatasi ya tatu, imelala safi, muhuri mwekundu pembeni.

"Haikutoka nje ya jengo," alisema. "Nilitaka kuitazama kisha niirudishe. Nikasikia viatu vya mlinzi kwenye ujia, saa tisa, akielekea chumba cha kabati. Nikafunga bati, nikasukuma kabati. Karatasi ikabaki mkononi, nikaificha hapa, naye hakuondoka tena kwenye ujia. Nilidhani leo wakizitoa nitaichanganya nazo. Sikujua Mama Lakiri huhesabu kabla."

"Nahesabu kila siku ya Mungu!" Mama Lakiri alifoka. "Na ungemwacha huyu mzee afungwe? Mnakula naye meza moja!"

"Nilikuwa najipa moyo niseme. Saa zikawa zinakwenda."

"Nani amekutuma?" Mkaguzi aliuliza. "Nani alikuwa anainunua?"

"Hakuna." Alicheka kidogo, bila furaha. "Miezi minane nachora ukuta wa bwawa. Naujua kila jiwe lake. Nikauliza maji yatafika wapi, nikaambiwa hicho si kipande chako. Bonde lile ndiko nilikozaliwa, bwana. Mama yangu yuko kule. Baba amezikwa nyuma ya nyumba. Ninyi mngechora ukuta na kulala usingizi?"

Mkurugenzi aliinamia ramani, kidole kikafuata mstari wa samawati, kikasimama.

Gari la polisi lilifika saa sita kamili. Mjomba alivaa kofia, akarudi getini, akalifungulia. Hakuna aliyemwomba radhi. Mkaguzi alikuwa anatafuta fomu ya kabati.

Wakati wanamsubirisha kwenye ujia, Fundi Rula alimwita Deki kwa ishara ya kidevu. Askari alisogea pembeni kupiga simu.

"Sikulaumu, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Mjomba ni mjomba."

Deki alitua ndoo chini.

"Stendi unapita kila jioni. Pale wanapouza mbegu kuna mama mwenye kilemba cha kijani, hutoka bondeni na basi la asubuhi, jino moja la mbele hana. Ndiye mama yangu. Mwezi huu ameanza kujenga chumba kipya, matofali ameyafyatua mwenyewe, kwa mikono yake, miaka miwili." "Maji yatapita juu ya paa. Usimweleze ramani, usimweleze chochote. Mwambie tu aache kujenga."

Askari alimaliza simu. "Twende."

"Dada. Utamwambia?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na ndani Mkaguzi aliinua kichwa kutoka kwenye fomu zake, akamtazama Deki, kalamu ikiwa hewani. Deki alishika mpini wa ndoo kwa mikono miwili, mmoja wake ule uliotia sahihi kiapo. Fundi Rula alipelekwa hadi getini akitembea kinyumenyume nusu ya njia, macho kwa Deki, mpaka askari akamgeuza kwa bega.